Gitaa la Nyuzi Saba

Mara ya kwanza nilipoliona nilidhani limekosewa kiwandani. Lilikuwa limetundikwa ukutani sebuleni kwa kina rafiki yangu, mjini Jinja, juu ya kabati la vyombo vya wageni, jeusi tupu bila hata ua moja la mapambo. Nikahesabu nyuzi kwa macho, kisha nikahesabu tena. Saba. Gitaa la kanisani kwetu lilikuwa na sita, na kila gitaa nililowahi kuliona kwenye simu ya mama lilikuwa na sita.

"Mbona limezidi?" nikauliza.

Rafiki yangu akacheka. "Muulize kaka. Yeye kila kitu anataka kizidi. Hata chumvi."

Kaka yake hakuwepo wa kuulizwa. Alikuwa ameshaenda Kanada kusoma, na gitaa lilibaki pale ukutani.

Mimi na rafiki yangu tulisoma darasa moja. Kambini kwetu walimwita Kalasinga kwa sababu baba yake anavaa kilemba, na familia yao ina duka la vifaa vya ujenzi mjini. Mimi ni mtoto wa askari magereza. Tulikutana kwenye Kiswahili. Wenzetu darasani walizungumza Lusoga na Luganda, na Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya wanajeshi, lugha ya kuambiwa lala chini. Nikifungua mdomo walinipigia saluti. "Ndiyo afande!" Lakini mimi nilizaliwa ndani yake. Baba ametoka West Nile, mama ni Mteso, na kwenye nyumba za kambi kila mlango una lugha yake, kwa hiyo uani tunakutana kwa Kiswahili. Rafiki yangu alikiokota dukani, kwa wapakiaji na madereva wa malori ya Kenya. Kiswahili chake kilijaa misumari na saruji.

Na mimi si msemaji. Darasani nikiulizwa swali ambalo jibu lake ninalijua kabisa, sauti inakwama hapa chini ya koo, mwalimu anasubiri kidogo, kisha anaenda kwa mwingine. Sijui kwa nini iko hivyo. Mama anasema nilizaliwa kimya, wakanipiga makofi ndipo nikalia.

Siku ile rafiki yangu alipanda kiti akalishusha gitaa, akaniwekea mapajani. Lilikuwa zito, na shingo yake pana kama mkono wa mtu mzima. Ni gitaa la umeme, na hatukuwa na spika. "Weka kidevu hapo," akaniambia, akinionyesha pembe ya juu ya ubao wa gitaa. "Kaka alikuwa anafanya hivyo ili mama asimsikie." Nikaweka. Akanyoosha kidole akaugusa uzi wa juu kabisa, ule mnene kuliko wote, ule uliozidi.

Sauti haikuingia masikioni. Ilipanda kwenye taya ikaenda mpaka nyuma ya macho, nzito, ya polepole, kama lori linapopita barabarani na vikombe kabatini vikaanza kugongana. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia tena.

Tangu hapo nilitaka gitaa lile liwe langu. Sikumwambia mtu yeyote, na ndiyo maana naandika.

Mama yake, ambaye sote tunamwita Anti, aliniona nimelikumbatia siku nyingine, na nyingine, mpaka akasema, "Chukua basi, beti. Hapa linakula vumbi tu." Beti ni binti, kwa lugha yao. Akampigia simu mwanawe palepale. Yeye akajibu nipige tu mpaka atakaporudi. Mpaka atakaporudi. Nililisikia neno hilo vizuri, lakini nikaliweka mbali.

Baba alipoliona likiingia nyumbani alihesabu na yeye. Baba ni fundi wa adungu, kinubi cha kwetu, chenye tumbo la mti lililovikwa ngozi na shingo iliyopinda. "Saba tu?" akasema. "Adungu ya babu yako ilikuwa na tisa, na hakuna mtu aliyekuja kushangaa."

Sasa niseme ukweli wa gitaa hilo, maana watu wanaopenda kitu huficha mabaya yake. Kwanza, vidole vyangu havikufika. Nilijifunza kwa video, na kwenye video zote mwalimu ana nyuzi sita. Uzi wake wa kwanza kutoka juu kwangu ni wa pili, sijui nieleze vipi: nilikuwa nikiweka vidole kama alivyoweka, nikihesabu kutoka juu, na kila kitu kilitoka kama mlango wenye kutu. Wiki nzima nilidhani mimi ni mjinga. Kumbe nilitakiwa kuhesabu kutoka chini, kwenye nyuzi nyembamba, na ule wa saba niuache mpaka utakapohitajika. Pili, shingo ni nzito kuliko kiwiliwili. Ukiachia mkono, inainama kuelekea sakafuni, na mkanda unakukata bega. Tatu, uzi wa saba haukai kimya. Usipouzuia kwa kiganja unanguruma wenyewe, hata kama hukuugusa.

Hilo la tatu liliniaibisha kanisani kambini. Mchungaji wetu ana sauti nene, na alipokuwa akiwaombea wafungwa, kila alipofika chini kabisa kwenye "Ee Bwana," gitaa langu lilimwitikia. Mmmm. Watu wakafumbua macho. Mpiga besi wetu, askari mnene aliyekuwa na utani na kila mtu, aliniinamia sikioni. "Wewe mwenyewe huongei, lakini hii gitaa yako inaongea mpaka kwa sala!"

Yeye hakulipenda. Alisema linamwingilia. "Mtoto ya afande, huko chini ni nyumba yangu. Unaingia tu bila hodi?" Na alikuwa na haki. Spika yetu ilikuwa moja, ndogo, na sauti zote mbili za chini zikiingia pamoja zilikuwa uji. Kwa hiyo Jumapili nyingi nilipiga nyuzi sita na kuubana wa saba kwa kiganja, kama mtu aliyeshika mtoto mtundu asitoke nje.

Isipokuwa Jumapili moja. Mpiga besi alikuwa zamu ya lango. Kanisani kwetu hakuna anayetangaza wimbo wala ufunguo wake. Mtu yeyote mwenye kuguswa anaanza pale alipo, kwenye sauti anayotaka, na wapigaji ndio wanamtafuta. Siku ile alianza mke wa sajini mmoja, mama mtu mzima, na alianza chini sana, chini ya wanaume. Kinanda kilimtafuta kikamkosa. Ngoma ikasita. Nikaachia kiganja changu, nikashuka mpaka kwenye uzi wa saba, nikamkuta amekaa palepale. Nikaupiga mmoja tu, nikauacha uende. Mabenchi yalitetemeka. Mama mmoja alitazama spika, kisha akageuka kutazama mlango akidhani lori la mahabusu limeingia. Halafu kanisa zima likaanza kuimba juu ya sauti ile, na sauti ile ilikuwa yangu. Sikuwa nimefungua mdomo.

Nimeitamani siku hiyo kuliko siku yangu nyingine yoyote.

Uhamisho wa baba ulikuja kama unavyokuja uhamisho wowote wa magereza, karatasi asubuhi na kufunga vyombo mchana. Mbale. Nilimrudishia Anti gitaa lake, nimelifuta mpaka linang'aa. Akakataa kulipokea. "Mwenyewe bado yuko huko. Nenda nalo, akirudi utalileta." Rafiki yangu alilia, mimi nikalia, lakini mimi kidogo nililia kwa furaha, na hilo nalo naliandika.

Mbale kuna mvua na kuna mlima, na mawingu yanashuka mlimani mpaka juu ya mabati ya kambi. Sikuwa na mtu. Shule mpya, wasichana wapya, saluti zilezile. Nyumbani nilikuwa na gitaa. Na halikumaliza mwezi, uzi ukakatika.

Nilikuwa nikiukaza kwa kufuata simu ya mama, ina programu inayokuonyesha noti. Simu iliniambia bado, bado, na mimi sikuamini sikio langu, nikaamini simu. Kumbe nilikuwa nimeshapita noti yangu, naelekea nyingine ya jina lilelile juu kabisa. Ukakatika kwa mlio mmoja ukanichapa mkononi. Wa saba. Ule wenyewe.

Nikaenda mjini na mama kwenye duka la vyombo vya muziki, karibu na stendi ya mabasi. Mwenye duka alinitazama, kisha akamtazama mama. "Saba? Nani alimdanganya huyu? Mimi nauza sita. Akitaka wa saba anunue paketi mbili, atabaki na tano za akiba." Akacheka mwenyewe. Lakini ndani ya paketi zake hakukuwa na uzi mnene kiasi kile. Akatuletea wa besi, na wa besi haukupita kwenye tundu la kisikio cha kukazia. Kwenye maduka mengine hawakucheka hata kidogo, walisema tu hakuna, jaribuni Kampala.

Nilikaa siku kadhaa bila kuligusa. Baba aliona. Baba hasemi sana na yeye, huenda nimemrithi. Jumamosi moja alitoa sandukuni rola ya nailoni nene ya kuvulia samaki, aliyoinunua kwa wavuvi wa Masese tulipokuwa Jinja, kwa ajili ya adungu zake. Adungu zote anazotengeneza hufungwa nailoni hiyo, na za chini zina sauti ya kukuita ukiwa shamba la pili. Akaniambia, "Leta mgonjwa wako." Tukakaa barazani. Aliipima nailoni kwa vidole, akaikata, akaichoma ncha kwa kiberiti ili isifumuke, akaifunga fundo la kwao lisiloteleza. Akaikaza kwa sikio, bila simu. Akaupiga.

Ulikuwa mzuri. Ulikuwa laini kuliko ule wa chuma, na ndani yake ulikuwa na adungu. Baba alitabasamu kwa upande mmoja, kama anavyofanya akishinda drafti kwenye kantini. "Umeona? Wanasema Kampala."

Kwaya ya kanisa la Mbale ilikuwa imekubali kunijaribu Jumapili hiyo. Baba akaja na sare yake, maana alikuwa anaingia kazini baadaye, akaketi benchi la mbele. Nikachomeka waya kwenye spika, spika kubwa, nzuri kuliko ya Jinja. Nyuzi sita zikasema. Wimbo ukashuka, nikashuka nao, nikaupiga wa saba kwa moyo wote.

Kimya.

Nikaupiga tena. Nilikuwa naiona nailoni inatetemeka mbele ya macho yangu, na spika haikutoa chochote. Mwalimu wa kwaya, ambaye pia hupiga kinanda, alinitazama kama mtu anayetazama mtoto anayekula hewa. Baba benchini alikuwa amesogea mbele, bado anasubiri. Ibada ilipokwisha ndipo mwalimu wa kwaya aliponieleza: chini ya nyuzi mna sumaku, na sumaku haiitambui nailoni. Inataka chuma.

Baba alisikiliza maelezo yote, mikono nyuma. "Kumbe hii kitu inasikia chuma tu," akasema. "Kama geti letu la gereza." Tukacheka. Lakini njiani mimi niliumia kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu, kwa sababu fundo lile lilikuwa zuri.

Tukajaribu waya wa breki ya baiskeli. Huo ulisikika, tena sana, kama mtu anayekwangua sufuria, na nikaona umeanza kula vile vyuma vidogo vya shingoni. Gitaa la watu. Nikauvua siku hiyohiyo.

Basi Mbale yote nilipiga gitaa la nyuzi saba lenye sita na pengo. "Si limekuwa kama mengine sasa?" mwalimu wa kwaya akasema. "Tuendelee." Kweli lilikuwa kama mengine, ila zito zaidi. Tukaenda Busiu kupiga kwenye harusi, wakapiga ngoma za Kimasaba mpaka mahindi ya shamba la jirani yakakanyagwa, na kila wimbo uliposhuka dole gumba langu lilikwenda juu peke yake na kuanguka kwenye hewa. Hakuna aliyejua. Nilijua mimi.

Mwaka huu, likizo ilipokaribia, rafiki yangu akatuma ujumbe wa sauti kwenye simu ya mama: kaka anarudi. Mama akanipa simu. Neno lile nililoliweka mbali lilikuwa limefika.

Nikaenda Jinja na baba kulirudisha. Sebule ilikuwa ileile. Kaka mtu alikuwa mrefu, mpole, ana kilemba cha bluu, na Kiswahili chake kilikuwa kimelala kwa kukaa nje, akitafuta maneno. Nikaanza kumweleza kuhusu uzi, sauti ikanikwama. Baba akaeleza. Nailoni na breki na yote. Kaka alicheka mpaka akafuta macho, akampa baba mkono. "Uncle, nailoni! Ningependa kuisikia hiyo."

Akaingia chumbani akatoka na paketi ya nyuzi mpya, akazivua zote za zamani, akatia saba mpya pale pale juu ya meza, polepole, huku akizungumza. Akasema hapigi tena gitaa hili. Mgongo ulimsumbua. "Nyuzi mbili za chini nilizipiga siku nzima, hizo nyingine nilikuwa nazibeba tu." Kule sasa anapiga la nyuzi sita. Alipomaliza kukaza akaugusa ule wa saba, hata bila spika, na mimi nilisikia nilipokuwa nimekaa.

Chini ya kiti palikuwa na gitaa lingine, jekundu, la nyuzi sita, lake la tangu utotoni. Anti akaleta chai na kachori, akaketi, akasema, "Beti, umetunza kitu cha watu vizuri. Tumezungumza. Moja kati ya haya mawili ni lako. Unataka lipi?"

Chumba kizima kilinitazama. Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa tayari, chini ya koo.

"Lolote tu, Anti," nikasema.

"Hapana, sema," rafiki yangu akanisukuma kwa kiwiko. "Si unasema tu!"

"Unapenda lipi?" Anti akarudia.

"Lolote mtakaloona linafaa."

Kaka alinitazama kidogo, akatazama gitaa jeusi. Baba alikuwa anatazama chai yake. Anti akafikiri, na akafikiri kwa upendo, nalijua hilo. "Basi chukua jekundu. Ni jepesi, nyuzi zake Mbale zipo, na mgongo wako utakushukuru." Kila alichosema kilikuwa kweli.

"Asante sana, Anti," nikasema, na hiyo ilitoka vizuri, kubwa, kila mtu akaisikia.

Tulipofika stendi baba aliweka gitaa jekundu katikati ya miguu yake. "Ulitaka lile lingine," akasema.

"Ndiyo."

"Kama ningesema mimi, ningekuwa naomba. Wewe uliulizwa." Hakusema kwa ukali. Akaninunulia ndizi za kuchoma, tukala.

Nyumbani nilivumilia siku chache. Halafu mama alipokuwa anafua nikachukua simu yake, nikaingia chooni, nikabonyeza pale pa kurekodi. "Nilitaka lile jeusi," nikasema. "Lile la saba. Mwambie kaka." Nikatuma kabla sijaogopa.

Rafiki yangu alijibu jioni, kwa sauti pia, na nyuma yake nilisikia wapakiaji dukani wakihesabu mifuko. "Wewe jamani! Amelipeleka Kampala juzi, kuna mtu amelichukua. Kwani zile nyuzi mpya unadhani aliziweka za nini? Alizileta kwa ajili yako. Alikuwa anangoja useme. Sote tulikuwa tunangoja useme!"

Nimeusikiliza ujumbe huo mara nyingi kuliko inavyofaa.

Jekundu linapiga vizuri. Mwalimu wa kwaya anafurahi, kwa sababu sasa ninaingia kwa wakati na halingurumi kwenye sala. Vidole vinafika. Likikatika uzi nanunua palepale karibu na stendi, na mwenye duka hanicheki. Leo mchana nyumba ilikuwa tupu, nikajaribu kuulegeza uzi wa sita, nishuke nao taratibu, noti kwa noti, mpaka kule chini. Ulifika, kwa jina ulifika. Lakini ulikuwa umelegea kama kamba ya nguo, ukawa unagonga vyuma na kupotea. Nikausikiliza hivyo hivyo kwa muda.

Nje mtoto wa jirani aliniita, wenzangu wa kwaya wamenipitia. Nikaukaza tena mpaka mahali pake, nikatoka.